Naomba ushauri: chumba cha upande gani katika hoteli ya Stanley, Nairobi?

Habari zenu, wanajamvi. Mwezi ujao nitamsindikiza mama mzazi Nairobi, naye ameshikilia kwamba tulale Stanley, hoteli iliyoanzishwa mwaka 1902, kwa kuwa tangu ujanani amekuwa akisikia habari za ule mgunga wa mkahawani ambao wasafiri waliubandika barua za kuachiana ujumbe. Hofu yangu mimi ni kelele, kwani hoteli iko kwenye kona ya Barabara ya Kenyatta na Mtaa wa Kimathi, katikati kabisa ya jiji, na usingizi wa mama ni mwepesi mno. Mliowahi kulala pale, niombe chumba cha upande gani? Na je, teksi huruhusiwa kusimama mlangoni hadi mtu mwenye magoti mabovu ashuke taratibu?