Mtu mzima akitaka riwaya au historia kwa Kiswahili aende wapi? Tumechoka!

Wakuu, salaam. Nina hasira na leo sizifichi.

Niko Mwanza. Nimezunguka maduka ya vitabu ya katikati ya jiji natafuta riwaya ya Aniceti Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Hakuna. Nikasema basi nipeni Gamba la Nyoka ya Kezilahabi. Hakuna. Kichwamaji je? Hakuna. Duka la mwisho muuzaji akaniangalia, akaniuliza: "Kaka, mwanao yuko kidato cha ngapi?"

Sina mwanafunzi. Nataka kusoma mimi! Mtu mzima, ninayefanya kazi, mwenye hela mfukoni, nimeingia duka la vitabu kununua kitabu, na muuzaji hawezi hata kufikiria kwamba msomaji ni mimi.

Na huyo kijana simlaumu, maana anauza alicholetewa. Rafu zake zimejaa madaftari, kamusi, vitabu vya maswali na majibu ya mitihani, vitabu vya dini, na upande mzima wa vitabu vya kukufundisha utajiri, vingi vimerudufiwa mpaka picha ya jalada imefifia. Riwaya zilizopo ni zile zile za silabasi: Takadini, Watoto wa Mama N'tilie, na kwa wa kidato cha tano na sita, Vuta N'kuvute. Msinielewe vibaya, Vuta N'kuvute ni riwaya kubwa. Lakini Adam Shafi huyo huyo ameandika Kuli (1979), ya wapagazi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa 1948. Ameandika Haini (2003), ya watu waliotupwa jela baada ya Mzee Karume kuuawa mwaka 1972. Hizo ziko wapi? Hazimo kwenye mtihani, kwa hiyo kwa muuzaji hazipo duniani.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Kitereza na Kezilahabi wote ni watu wa Ukerewe. Hapo tu ng'ambo ya maji, unapanda meli unashuka Nansio. Kitereza aliandika kitabu chake kwa Kikerewe, akakimaliza mwaka 1945, akahangaika nacho miaka na miaka bila mchapishaji, mpaka akaamua kukiweka mwenyewe kwa Kiswahili. Kilitoka 1980 kupitia Tanzania Publishing House. Mzee akafariki mwaka uliofuata. Leo Mjerumani anakisoma kwa Kijerumani. Kwa Kiingereza kipo tangu 2002, kazi ya Gabriel Ruhumbika, naye ni wa Ukerewe pia. Mimi niliye Mwanza nikikitaka kwa Kiswahili alichokiandika mzee kwa mkono wake, naulizwa mtoto wangu yuko kidato gani.

Halafu kuna watu watakuja hapa na ule wimbo wao: Watanzania hawasomi, ukitaka kumficha Mwafrika kitu kiweke kwenye kitabu. Naomba mnyamaze. Kizazi cha baba zetu kilisoma riwaya za upelelezi, Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, mpaka vitabu vikachanika majani, vikapita mikono ya mtaa mzima. Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, alisomwa tangu Mzimu wa Watu wa Kale ilipotoka mwaka 1960. Na leo? Angalieni simu zenu. Hadithi zinatoka kipande kwa kipande kwenye makundi ya WhatsApp na Facebook, mwandishi anakatiza pazuri, anasema mwendelezo ni buku (shilingi elfu moja), na watu wanatuma hela kwa simu saa sita usiku! Watu hao hawasomi? Mtu anayelipia sura moja moja usiku wa manane mnamwita mvivu wa kusoma? Mmeshindwa kumfikishia kitabu, semeni hivyo.

Tukija kwenye historia ndiyo balaa kabisa. Hapo mtu asiyesoma Kiingereza kwa raha amefungiwa mlango.

Chukueni Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Yeye na wenzake waliandika kwa Kiswahili habari za ndoa, ngoma, safari, biashara na madeni ya watu wa pwani, Carl Velten akazichapisha Göttingen, Ujerumani, mwaka 1903, kwa jina la Desturi za Wasuaheli. Mimi nimekisoma kwa tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1981, kwa sababu ndiyo niliyoipata. Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa misafara, aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili. Abdallah bin Hemedi aliandika Habari za Wakilindi kwa Kiswahili, historia ya watawala wa Usambaa. Maneno yenyewe ni yetu, yamekaa tayari zaidi ya miaka mia, hayahitaji hata mtafsiri! Yanahitaji mtu wa kuyachapa, kuweka ramani, kuweka maelezo ya maneno ya zamani, na kuyapeleka dukani kwa bei ambayo mwalimu wa shule ya msingi anaimudu.

Na Mwalimu Nyerere. Wasifu wake mkubwa wa majuzuu matatu ulitoka 2020, kazi ya Issa Shivji, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata. Kazi nzito, nawapa heshima zao zote. Lakini dukani nauona kwa Kiingereza tu. Huyu ni mtu aliyetafsiri Shakespeare kwa Kiswahili akiwa Rais! Mzee Mkapa naye kumbukumbu zake za 2019 nimezikuta kwa Kiingereza. Mzee Mwinyi, Mungu amrehemu, alituandikia Safari ya Maisha Yangu kwa Kiswahili mwaka 2021, na ile ndiyo ninayoweza kumpelekea mama yangu akasoma bila kuniuliza neno. Abdulrazak Gurnah, mwandishi mzaliwa wa Zanzibar, aliandika Paradise mwaka 1994, habari za pwani yetu na misafara yetu. Tafsiri yake ya Kiswahili, Peponi, imetoka 2022, baada ya yeye kupata Tuzo ya Nobel. Miaka 28 tumesubiri hadithi yetu wenyewe.

Zamani tulikuwa na East African Literature Bureau, ilichapa vitabu vya bei ndogo vya historia na hadithi kwa wasomaji wa kawaida wa nchi zote tatu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, nayo ikafa. Tangu hapo mchapishaji wetu anaishi kwa kutegemea shule. Silabasi ikibadilika na kitabu kikatoka, hakichapwi tena, hata kama kinapendwa vipi. Na mipaka nayo! Kitabu kilichotoka Nairobi, lugha ile ile, mimi wa Mwanza nikikitaka lazima nimtafute mtu wa basi anibebee kama mzigo wa magendo.

Nikibahatika kukipata, nakuta nini? Nimenunua nakala ya riwaya moja ya zamani katika duka ambalo silitaji, kurasa za katikati zimerudiwa mara mbili na zinazotakiwa hazipo. Herufi zimekolea upande, upande mwingine nyeupe. Hakuna mwaka wa chapa ya kwanza, hakuna neno lolote kuhusu mwandishi. Narudisha, naambiwa kitabu kikishatoka dukani hakirudi. Kwa hiyo msomaji anabaki na PDF iliyopigwa picha kwa simu, na mwandishi au watoto wake hawapati hata senti. Halafu mnalalamika wizi wa kazi za waandishi. Nani aliyetusukuma huko?

Tuzo za uandishi tunazisikia kwenye taarifa ya habari, washindi wanapigwa picha na hundi. Vitabu vyao vinauzwa duka gani Mwanza, Tabora, Kigoma? Nitajieni moja.

Kama wewe ni mchapishaji na unasoma hapa, sitaki hotuba kuhusu utamaduni wa kusoma. Jibu haya tu: Ntulanalwo na Bulihwali, mwendelezo wa kitabu cha Kitereza, mnaichapa tena lini? Kuli mtaileta Mwanza lini, na kwa bei gani? Haki za vitabu vya Musiba na Mtobwa ziko kwa nani? Kama hamna mpango navyo, semeni wazi, maana wapo vijana wenye mashine za kuchapa ambao wako tayari kukaa na familia za waandishi wakakubaliana malipo halali.

Na wewe mdau mwenye nakala safi ya Kitereza ya 1980, majuzuu yote, njoo PM. Nanunua leo.