Naomba ushauri: nchi yangu ikisemwa na wageni, nijibu vipi?

Ndugu zangu, naombeni ushauri. Mimi ni Mtanzania, nafanya kazi nje. Kila mazungumzo ya chakula cha mchana yakigusa Afrika, mwenzangu mmoja hudakia: "Nchi yenu inafukuza shule wasichana wajawazito." Meza nzima inanigeukia, nami nabaki nimeshika kijiko.

Katazo lile sikuwahi kuliunga mkono. Rais Magufuli alipolisisitiza mwaka 2017 liliniuma, maana nina wadogo zangu wa kike. Lakini Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba waliojifungua waruhusiwe kurudi katika shule za kawaida. Huyu anaisema habari ya zamani kama ya leo! Nikimsahihisha, naonekana msemaji wa serikali. Nikinyamaza, najiona nimeikana nchi yangu. Nikitaja mabaya ya kwao (na yapo), unazuka ugomvi, na yule binti aliyekosa darasa anasahaulika kabisa. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Mliowahi kuishi ughaibuni, mlikuwa mnajibuje bila kuficha kosa wala kuidhalilisha nchi? Nianze na kosa lenyewe, au na marekebisho yaliyofanyika?