Mkataba wa servisi ya AC nyumbani: unalipa, au bora kumwita fundi inapohitajika?

Pwani_Mbezi:

Wakuu, habari za majukumu. Naomba ushauri wa wanaoijua kazi hii. Nyumba iko Mbezi Beach, Dar es Salaam, upande wa baharini, na ina AC nne za ukutani. Ya sebuleni ni inveta (kompresa yake inabadilisha mwendo) ya BTU 18,000, yaani nguvu ya kupoza, gesi R32. Za vyumba viwili vya kulala ni za kawaida, 12,000 kila moja, gesi R410A. Ya chumba cha wageni ni 9,000 na haiwashwi sana.

Kampuni imeniletea mkataba wa mwaka mmoja: laki sita kwa zote nne, wanakuja kila baada ya miezi mitatu, "kuongeza gesi bure", na nikipiga simu wanafika ndani ya saa 24. Vipuri nalipa mwenyewe. Pesa yote inatangulia. Fundi wa mtaani anatoza 30,000 kwa servisi ya AC moja. Nisaini au niachane nao? Na servisi kamili inatakiwa iwe na nini hasa, maana wengine wanaosha chujio tu na kuondoka.

FundiKoili:

Mkuu, anza na hesabu. Ziara nne kwa AC nne kwa bei ya fundi wako ni 480,000. Mkataba ni 600,000. Kwa hiyo ile 120,000 ya juu unanunua vitu viwili: gesi ya bure na ahadi ya saa 24. Tuvipime hivyo viwili.

Gesi kwanza. Gesi ya AC haitumiki ikaisha kama ya jikoni. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na kama hakuna tundu, kiasi kilichowekwa siku ya kufunga kinakaa miaka yote ya mashine. Ikipungua, kuna mahali inavuja: mara nyingi kwenye nati za kuunganishia mabomba, kwenye valvu za yuniti ya nje, au kwenye koili (yale mabomba yenye mapezi ya alumini) iliyoliwa na chumvi. Mkataba unaosema "kuongeza gesi bure" bila neno lolote kuhusu kutafuta na kuziba uvujaji unakuahidi kazi ambayo kwa mashine nzima haihitajiki, na kwa mashine mbovu haitibu kitu. Tena inaumiza, kwa sababu kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, hupozwa na gesi inayorudi. Ikifanya kazi muda mrefu na gesi pungufu inapata moto, mafuta yanaharibika, na hapo unazungumzia kununua kompresa.

Kosa linalorudiwa sana ni hili: fundi anafika, anakuta koili ya ndani imeganda barafu, anasema gesi imeisha. Inawezekana. Lakini chujio lililoziba au koili chafu huleta barafu ileile, kwa sababu hewa haipiti, koili inashuka chini ya sifuri, na unyevu unaganda juu yake. Ukipima presha kabla ya kusafisha, geji (kipima presha) itasoma chini na utaongeza gesi isiyohitajika. Safisha, acha barafu iyeyuke yote, washa dakika 15, ndipo uunganishe geji. Kwa joto la Dar, R410A kwenye mashine ya kawaida husoma kama psi 120 hadi 140 upande wa gesi inayorudi kwenye kompresa. Kwa inveta namba hizo hazitoshi, maana kompresa inabadilisha mwendo. Kipimo cha haki ni mizani: gesi inatolewa yote, mabomba yananyonywa hewa kwa pampu ya vakyumu, kisha inaingizwa kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko cha yuniti ya nje.

Sasa servisi kamili. Umeme unazimwa kwenye breka, si kwa rimoti. Chujio na kava vinatolewa. Mfuko wa plastiki unafungwa chini ya yuniti ya ndani, maji ya presha ndogo yanapigwa kwenye koili kufuata mistari ya mapezi, na yasikatize mapezi yakayalaza. Kisha feni ile ndefu ya mviringo. Hii ndiyo inayorukwa na wenye haraka, wakati ndiyo inayobeba ukungu mweusi na harufu. Uchafu ukijaa kwenye visu vyake, upepo unapungua hata kama koili inang'aa. Kisha sinia la maji na bomba lake. Bomba lipulizwe au livutwe kwa vakyumu hadi maji yatiririke bila kusita, na ncha yake ya nje isizame ndani ya ndoo, maana hewa ikikosa njia maji yanarudi ukutani.

Nje: koili ioshwe kutoka ndani kwenda nje ili uchafu utoke ulikoingilia. Kemikali za asidi kali zikataliwe moja kwa moja. Zinang'arisha kwa dakika tano na kula alumini kwa miezi. Sabuni laini ya koili inatosha, kisha maji mengi ya kawaida. Kaza nyaya zote kwenye tamino (zinapoungana), kwa sababu waya uliolegea unapata moto na kuunguza plastiki.

Kwa AC zako mbili za kawaida, kapasita (kifaa kidogo kinachoipa kompresa msukumo wa kuanza) ipimwe kwa mita ikiwa imezimwa na imetolewa chaji. Kama imeandikwa 35 µF na inasoma chini ya 33, badilisha. Kapasita dhaifu ndiyo inayofanya kompresa ivume bila kuanza, na ni kipuri cha bei ndogo kinachoua kipuri cha bei kubwa.

Mwisho ni vipimo: ampea za kompresa zilinganishwe na kibandiko, na joto la hewa inayoingia na inayotoka. Tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 baada ya dakika 15, milango ikiwa imefungwa, ni nzuri. Siku ya unyevu mkali inaweza kuwa chini kidogo mwanzoni, maana nguvu nyingi inaenda kukausha hewa.

Kazi hiyo ni kama saa moja kwa AC moja. Wakimaliza zote nne kwa saa moja, ujue wameosha machujio.

BaridiTupu:

Naunga mkono, na naongeza la sebuleni. Kwa inveta, kitu cha gharama ni bodi ya umeme inayoongoza yuniti ya nje, na vipuri havimo kwenye mkataba wako. Kwa maana hiyo mkataba haukukingi na hasara kubwa kuliko zote. Bodi hizo huku pwani zinauawa na mambo matatu: umeme unaopanda na kushuka ghafla, chumvi inayotafuna njia za shaba, na mijusi. Mjusi anafuata joto, anaingia sandukuni, anagusa sehemu mbili zenye umeme, na bodi inaungua pamoja naye. Ziba matundu ya nyaya kwa silikoni au wavu mdogo, lakini usizibe njia za hewa za kupozea bodi. Weka pia kifaa cha kulinda AC chenye kuchelewesha dakika 3 hadi 5 umeme ukirudi. Ukitaka kulipia kinga, pesa iende huko kwanza.

Na chumvi. Kwa nyumba inayopigwa na upepo wa bahari, kusuuza koili ya nje kwa bomba la bustani mara moja kwa mwezi kunasaidia kuliko ziara nyingi za fundi. Zima breka, tumia maji ya bomba ya kawaida (si ya kisima chenye chumvi), mwaga taratibu toka juu, usielekeze upande wa sanduku la nyaya. Fanya hivyo hata Juni hadi Agosti mashine zikiwa zimelala, kwa sababu chumvi hailali. Machujio ya ndani osha mwenyewe kila wiki mbili hadi nne kwa maji yasiyo ya moto, kausha kivulini, juani yanajikunja.

Mama_Nyumba_Sita:

Kaka, mimi nasimama upande wa mkataba, ila kwa masharti. Mwenye nyumba za kupangisha, au anayeishi mbali na nyumba yake, anahitaji mtu mmoja wa kuwajibika na rekodi iliyoandikwa. Kuna pia watengenezaji wanaoshikilia waranti ya kompresa kwa sharti la servisi ya mara kwa mara yenye risiti. Soma kadi yako ya waranti kabla ya kuamua, hasa kwa ile inveta kama bado ni mpya.

Ila huo uliopewa haujaiva. Kwanza malipo: usitangulize mwaka mzima. Lipa kila ziara ikikamilika, au robo kwa robo, kwa risiti ya mashine ya kodi (EFD). Pili, kazi ya kila ziara iandikwe kipengele kwa kipengele kama alivyoeleza FundiKoili. Neno "servisi" peke yake halimbani mtu. Tatu, "saa 24" ihesabiwe kuanzia lini, na wasipofika inakuwaje? Sharti lisilo na adhabu ni maneno tu. Punguzo la ziara inayofuata linatosha kuwafanya wakumbuke. Nne, gesi: iandikwe kwamba ikipungua watatafuta uvujaji kwa naitrojeni na povu la sabuni, watauziba, ndipo wajaze kwa mizani, na kazi ya kuziba iwe na waranti ya siku 90. Tano, vipuri viwe na orodha ya bei iliyoambatishwa leo: kapasita, mota ya feni ya ndani na ya nje, kihisi joto (sensa), kontakta (swichi ya kompresa). Na kipuri cha zamani ubaki nacho wewe. Sita, kuvunja mkataba kwa notisi ya siku 30 bila faini.

Kampuni inayokataa kuandika hayo imeshakupa jibu.

FundiKoili:

Hapo kwenye naitrojeni nisisitize, maana ni roho za watu. Wapo wanaopima uvujaji kwa oksijeni ya mtungi wa kuchomelea. Oksijeni ya presha ikikutana na mafuta ya kompresa inalipuka. Ukiona mtungi wa oksijeni unaunganishwa kwenye mabomba ya AC, simamisha kazi hapo hapo. Na R32 ya sebuleni inashika moto, japo si kwa wepesi: hakuna sigara, na hakuna kuchomelea bomba kabla gesi haijatolewa yote.

Pwani_Mbezi:

Asanteni sana, nimeelewa mengi. Waranti ya inveta imebaki mwaka mmoja na kadi inataka servisi mbili kwa mwaka zenye risiti. Swali: je, kila AC inahitaji ziara nne kweli? Na kama nikipunguza, umeme hautanila?

BaridiTupu:

Hazihitaji sawa. Saa za kuwaka ndizo zinazoamua. Sebuleni mara nne. Vyumba vya kulala mara tatu kila kimoja. Cha wageni mara moja. Jumla ni servisi 11, sawa na 330,000 kwa bei ya fundi wako. Inabaki 270,000 ukilinganisha na mkataba, na hiyo inatosha kununua kilinda umeme kizuri na kubaki na akiba ya vipuri vidogo.

Kuhusu umeme, chukua mfano wa chumba cha kulala. AC ya kawaida ya 12,000 inakula kama kilowati 1.1 kompresa ikiwa inafanya kazi. Ikiwa safi na chumba kimefungwa vizuri, kompresa inaweza kuwaka asilimia 70 ya muda. Kwa saa 8 ni uniti 6.2, ukichukua shilingi 356 kwa uniti, ni kama 66,000 kwa mwezi. Koili ikiziba kiasi kwamba kompresa haipumziki kabisa, ni uniti 8.8, yaani 94,000. Tofauti ni 28,000 kwa mwezi, karibu bei ya servisi moja. Kwa hiyo usipunguze za vyumba vinavyotumika kila usiku. Punguza za chumba cha wageni.

Panga ya kwanza katikati ya Novemba kabla kaskazi haijaleta joto lake, nyingine mwishoni mwa Januari, ya tatu Aprili, ya mwisho ya sebuleni Agosti.

Mama_Nyumba_Sita:

Ukichagua njia ya fundi, hakikisha ana cheti cha VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi) cha majokofu na viyoyozi na anatoa risiti yenye namba ya serial ya mashine, la sivyo waranti ya sebuleni inaweza kukataliwa. Kama hana risiti ya kukubalika, ipe kampuni hiyo sebuleni peke yake mpaka waranti iishe, zingine tatu abaki nazo fundi. Mkataba unaweza kukatwa vipande. Waombe bei ya AC moja.

FundiKoili:

Nami ningefanya hivyo. Ziara ya kwanza, awe fundi awe kampuni, dai karatasi moja kwa kila AC: ampea, joto la kuingia na kutoka, thamani ya kapasita kwa zile mbili za kawaida, na tarehe. Wasiunganishe geji ya presha kama baridi na ampea viko sawa, kwa sababu kila kuunganisha geji kunapoteza gesi kidogo na kuchosha valvu. Ziara inayofuata linganisha namba. Ampea zikishuka na tofauti ya joto ikipungua wakati koili ni safi, hapo ndipo utafute uvujaji. Ampea zikipanda, angalia koili ya nje na mota ya feni yake kwanza.