Mrehani kwenye kopo: majani ya chini manjano, shina refu, maua yameanza

Baraza_Magharibi: Habari zenu wakuu. Nina miche minne ya mrehani kwenye kopo moja la lita 4, barazani, Dar. Jua linaipiga kuanzia saa 2 hadi saa 5 asubuhi. Namwagilia asubuhi na jioni. Majani ya chini yanageuka manjano na kudondoka, shina limefika sentimita 30 bila tawi hata moja, na kileleni maua yameanza. Niongeze mbolea?

Samadi_Kavu: Mbolea iache kwanza, ndugu. Hapo naona maji yamezidi. Chomeka kidole udongoni kama sentimita 3. Kikitoka na udongo uliogandia, usimwagilie. Mizizi ikikaa kwenye tope hukosa hewa na kuoza, na majani ya chini ndiyo hutangulia kuonyesha. Pindua kopo uitazame: mizima ni myeupe, iliyooza ni ya kahawia, inateleza na inanuka. Toboa matundu matano chini, kila moja upana wa kidole cha mwisho. Udongo uwe makopo mawili ya udongo tifutifu, moja la samadi iliyooza vizuri, moja la mchanga wa mtoni. Mchanga wa pwani usiuguse, chumvi yake huunguza kingo za majani. Na kopo hilo linatosha mche mmoja tu.

Kwapa_la_Jani: Urefu huo ni njaa ya jua. Saa tatu hazitoshi, tafuta mahali penye jua kwa muda wa saa sita kwa siku. Halafu kata, usiogope! Wengi huchuma majani makubwa ya chini na kukiacha kilele, ndipo mmea unapokuwa fimbo. Tazama kwapani mwa kila jozi ya majani: kuna vichipukizi viwili vidogo kama punje ya mchele. Kata shina nusu sentimita juu yake, navyo vitakuwa matawi mawili. Bakiza jozi mbili au tatu za majani chini. Maua yatoe mapema, kwa sababu yakishakomaa majani mapya huwa madogo na machungu.

Baraza_Magharibi: Asante sana. Vilele nitakavyokata vinaota?

Kwapa_la_Jani: Vinaota. Chukua vya sentimita 10, toa maua yote na majani ya chini, weka kwenye glasi ya maji kivulini. Badilisha maji kila baada ya siku mbili. Mizizi hutoka ndani ya wiki moja hadi mbili. Ikifika sentimita 3, panda.

Samadi_Kavu: Kabla hujakata, geuza jani moja la manjano. Ukiona manjano yamekomea kwenye mishipa na chini kuna vumbi la kijivu linaloelekea zambarau, huo ni ubwiri unyoya, ugonjwa wa ukungu wa majani. Maji ya sabuni hayautibu, hayo ni ya vidukari na inzi weupe. Mche wenye dalili hizo ung'oe na uutupe mbali, wala usichukue kipandikizi kwake. Iliyobaki ipe nafasi hewa ipite, na maji mwaga shinani asubuhi tu, majani yasilale yamelowa.