Mombasa nje ya picha za watalii: ni wapi penye historia isiyosimuliwa?

Mwalimu wa Historia aliuliza:

Ndugu zangu, salamu kwenu. Ninaandaa matembezi ya siku moja mjini Mombasa kwa wanafunzi wa sekondari, na sitaki yawe yale yale ya kila mwaka, ambapo watoto hupigwa picha chini ya pembe za ndovu za Barabara ya Moi, wakaingia Ngome ya Yesu, wakaambiwa kwamba Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kisha wakarudishwa kwenye basi. Bandari iliyofanya biashara na Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi kwa karne nyingi haiwezi kuwa na habari mbili tu. Naomba mnijulishe sehemu ambazo watu huzipita kila siku bila kujua kilichotokea hapo. Sharti langu ni moja: pawe na kitu cha kuonekana kwa macho hata leo, liwe jengo, kengele, mnara au ngazi.

Mkaazi wa Mji wa Kale alijibu:

Mwalimu, usiikimbie Ngome upesi hivyo. Wageuze tu wanafunzi watazame upande wa maji. Majeshi ya Oman yaliizingira tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, na katikati ya mzingiro huo Wareno waliituma kutoka Goa meli ya kivita iitwayo Santo António de Tanná, ije kuwanusuru waliokuwa ndani. Ilizama mwaka 1697, mbele ya kuta zile zile ilizokuja kuziokoa. Kati ya 1977 na 1980 wapiga mbizi waliichimbua pamoja na wataalamu wa mambo ya kale. Vyombo vilivyopatikana vimo katika makumbusho ya Ngome, lakini mbao za meli zilipimwa na kuchorwa, kisha zikafukiwa tena mchangani, maana mbao zilizolowa maji ya bahari kwa karibu miaka 300 hupasuka zikitolewa na kuachwa zikauke. Meli hiyo ingali pale chini. Humo Ngomeni pia kuna michoro ambayo askari wa Kireno waliichora ukutani kwa mkaa na udongo mwekundu, ikiwamo merikebu, nayo hupitwa na wageni wengi kana kwamba ni uchafu wa ukuta.

Kisha fuateni Ndia Kuu mpaka Leven House, mkateremke ngazi zake hadi majini. Mwaka 1824 Wamazrui, waliokuwa wakitawala Mombasa na kumhofia Seyyid Said wa Oman, waliomba hifadhi ya Uingereza kwa nahodha William Owen wa manowari Leven, naye akaikubali bendera ipandishwe kabla serikali yake haijatoa idhini. Alimwacha luteni John James Reitz awe msimamizi wa mji, lakini kijana huyo alifariki kwa homa miezi michache tu baadaye, na kufikia 1826 mpango wote ulikuwa umevunjwa. Watu wanaokwenda uwanja wa ndege hulitaja jina lake kila siku, kwa kuwa ndiye aliyeachia Port Reitz jina.

Mpekuzi wa Nyaraka alijibu:

Ninashangaa kwamba hakuna aliyeitaja shule ya Allidina Visram. Sanamu ya mfanyabiashara huyo, aliyefungua maduka kuifuata reli mpaka Uganda na kufariki mwaka 1916, iko Treasury Square, na shule yenye jina lake inajulikana na kila mtu. Ila ni wachache wanaofahamu kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili ilitwaliwa na jeshi la wanamaji la Uingereza ili wavunja misimbo wafanye kazi humo.

Kitengo hicho cha kusikiliza na kufumbua mawasiliano ya Wajapani kilikuwa Singapore. Singapore ilipokaribia kuanguka kilihamia Colombo, na Wajapani walipoishambulia Colombo kwa ndege mwezi Aprili 1942, kikavuka bahari hadi Mombasa pamoja na meli za kivita zilizokuja kujihifadhi Kilindini. Mahali palikuwa salama, lakini kwa kazi yenyewe palikuwa pabaya, kwani mawimbi ya redio kutoka masafa yale marefu yalifika yakiwa dhaifu na ujumbe mwingi haukunaswa kabisa. Hata hivyo, mwaka huo huo walifaulu kuuvunja msimbo uliotumiwa na meli za mizigo za Japani, ambao wataalamu waliuita JN-40. Waliokuwa wakiuchunguza walidhani umetengenezwa kwa kuongeza tarakimu juu ya tarakimu, kumbe ulikuwa wa kupangua mpangilio wa alama, na kosa moja la mpelekaji ujumbe ndilo lililowafungulia mlango. Baada ya wiki chache waliweza kusoma mawasiliano ya meli hizo siku ile ile yalipotumwa, hivyo nyambizi zikajua pa kuzingojea. Mwaka 1943 kitengo kilirudi Colombo, na kwa kuwa kazi ile iliwekwa siri kwa miongo kadhaa, mji haukupata nafasi ya kuikumbuka. Mwalimu wa hisabati akiandamana nanyi, mwachie nusu saa hapo.

Binti Kisauni alijibu:

Vukeni daraja la Nyali mwende Kengeleni, mwalimu. Kengele iliyopo pale ni ya Frere Town, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1875, miaka miwili baada ya Sultan Barghash kulazimishwa kulifunga soko la watumwa la Unguja. Waliookolewa kwenye majahazi waliletwa hapo, na kengele ililia kuwaonya pale wafanyabiashara ya watumwa walipokaribia.

Ila nakuomba usiwasimulie wanafunzi nusu ya kisa. Waafrika waliokwisha kukombolewa na kusomeshwa Bara Hindi ndio waliobeba sehemu kubwa ya kazi ya kufundisha na kuongoza watu Frere Town na Rabai, ingawa sifa zimewaendea wazungu. Pia, si wote waliokimbilia misheni walitoka majahazini. Wengi walikuwa watumwa wa mashamba ya hapa hapa pwani waliowatoroka mabwana zao, jambo lililozua uhasama mkali mpaka George Mackenzie wa IBEA, kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, alipowalipa mabwana hao fidia kwa ajili ya watoro zaidi ya 1,400 mwaka 1889. Mada hiyo ni nzito, na koo za pande zote mbili zingali hapa, kwa hiyo anayeongoza aizungumze kwa adabu.

Mwalimu wa Historia:

Nawashukuru sana. Je, mnara wa Mbaraki unastahili safari? Na zile troli za zamani zimeacha alama yoyote?

Mkaazi wa Mji wa Kale alijibu:

Troli ziache. Ni kweli kwamba mwanzoni mwa karne ya 20 wakubwa walitembezwa mjini kwa vigari vidogo vilivyosukumwa na watu juu ya reli, lakini picha za makumbusho zitawatosha.

Mbaraki nendeni. Mnara ni wa mawe ya matumbawe, una uwazi ndani, na umesimama kando ya masalia ya msikiti wa karne ya 15. Wenyewe ulikuwapo kabla ya 1728, kwa kuwa umo katika ramani ya mwaka huo. Kuna watu wanaopeleka marashi na ubani hapo hadi leo wakiamini pana pepo, hivyo wanafunzi wakikuta mtu ana haja zake wasubiri kando na wasipige picha. Kwa mpangilio, anzeni Kengeleni asubuhi, mrudi kisiwani mpite shuleni mkiwa mmeomba ruhusa mapema kwa mwalimu mkuu, muingie Ngomeni na Mji wa Kale, na Mbaraki iwe ya mwisho alasiri, kwa sababu iko upande wa Likoni na foleni ya magari ya feri jioni itawachelewesha.