Chumvi kavu haiwashi taa, maji ya sukari yanawasha! Nisaidieni jaribio hili

Kidato2_B
Wakuu, heshima kwenu. Jaribio ni la kupitisha umeme. Vifaa: betri 2 za tochi, taa ndogo nyeupe ya LED, nyaya mbili za shaba zilizochunwa ncha. Chumvi kavu, taa haiwaki, sawa. Maji ya chumvi nayo haiwaki, wakati kitabu kinasema iwake. Nikiweka betri 4 inawaka, ila baada ya muda maji yanakuwa ya kijani. La ajabu zaidi, maji ya sukari yanaiwasha kwa mbali.

Maswali mawili. Kosa liko wapi? Na je, ioni (chembe zenye chaji) zilikuwemo tangu chumvi ikiwa kavu au ni maji yanayozitengeneza? Daftari linasema sodiamu inatoa elektroni "ili itulie" na hapo ndipo linaponiacha.

fundi_maabara
Nianze na vifaa, maana makosa yako karibu yote yako hapo.

LED nyeupe inataka kama volti 3 peke yake. Betri mbili za tochi ni volti 3, na kimiminika nacho kinadai fungu lake ili umeme upite. Hakuna kinachobaki. Chukua LED nyekundu (inakula kama volti 2), betri ya volti 9 na risista (kizuia umeme) ya omu 470, vyote kwenye mstari mmoja. Risista usiiache: ncha zikigusana bila hiyo, LED inaungua papo hapo. Mguu mrefu wa LED uelekee upande wa chanya. Ukigeuza hutaona kitu na utadhani ni chumvi.

Kijani unachokiona ni shaba yako. Waya wa upande wa chanya unapoteza elektroni, atomu za shaba zinakuwa ioni na kuingia majini, kisha zinakutana na hidroksidi inayotoka upande wa hasi na kuganda kuwa uchafu wa kijani. Tumia penseli mbili zilizochongwa pande zote mbili. Ndani yake ni grafiti: kila atomu ya kaboni imefunga bondi na wenzake watatu tu, elektroni ya nne inazunguka huru kwenye tabaka, ndiyo maana inapitisha umeme bila kuyeyuka majini.

Sukari haina hatia. Maji ya bomba yana kalsiamu, magnesiamu, kloridi na bikaboneti tayari. Ya kisima cha pwani ndiyo zaidi. Nunua maji ya betri ya gari, yale yaliyotoneshwa. SOMA KIBANDIKO: dukani hapohapo wanauza na asidi ya betri, na chupa zinaweza kufanana. Halafu fuata mpangilio huu: maji matupu kwanza, sukari pili, chumvi mwisho, na suuza penseli kwa maji yaleyale kila unapobadilisha. Kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa (gramu 6 hivi) kwenye mililita 100 kinatosha.

Chumvi "kavu" ya mezani nayo inavuta unyevu hewani, hasa ikiwa na mabaki ya magnesiamu kloridi. Ikaange kwenye kikaango kikavu dakika 10, ifunike ipoe, ndipo upime.

Usizidishe sekunde 30 kwenye maji ya chumvi, na fungua madirisha. Harufu kama ya dawa ya kung'arisha nguo nyeupe ni klorini inayotoka upande wa chanya. Umeme wa ukutani usiuguse kabisa kwa kazi hii.

bahari_kuu
Swali la pili jepesi mkuu. Chumvi kavu ni molekuli za NaCl, hazina chaji. Maji yakiingia yanazivunja, ndipo zinazaliwa ioni Na⁺ (ya sodiamu) na Cl⁻ (ya klorini).

ganda_la_nje
Hapana mkuu bahari_kuu, hapo umeteleza, na wengi wanateleza hapohapo.

Hakuna molekuli ya chumvi. Kwenye punje moja kila Na⁺ imezungukwa na Cl⁻ sita, na kila Cl⁻ na Na⁺ sita, zimepangwa hivyo pande zote mpaka ukingo wa punje. "NaCl" ni uwiano tu, moja kwa moja. Ioni zimo tangu mwanzo, ila zimebanwa mahali pake na haziwezi kutembea, na umeme hapa unabebwa na ioni zinazotembea. Kuzifungua kwa moto kunataka nyuzi 801 za Selsiasi, usijaribu jikoni. Maji yanafanya kazi hiyo bila moto: upande wa oksijeni una uhasi kidogo, unaizingira Na⁺; upande wa haidrojeni unaizingira Cl⁻; zinang'olewa moja moja. Molekuli ya sukari inang'olewa ikiwa nzima, bila chaji, kwa hiyo hata ukijaza vijiko kumi hakuna kitu.

Sasa hilo la "ili itulie". Elektroni za sodiamu zimepangwa kwenye maganda 2.8.1, za klorini 2.8.7, hiyo sawa. Lakini sodiamu haitoi bure. Kung'oa ile elektroni moja kunagharimu kilojuli 496 kwa moli. Klorini ikiipokea inarudisha 349 tu. Una upungufu wa 147! Anayelipa deni ni ule mpangilio wenyewe: ioni zikijikusanya kuwa punje, kama kilojuli 787 zinatoka. Na kwa nini haiendi hadi Na²⁺? Elektroni ya pili iko ganda la ndani, bei yake ni 4562. Hakuna punje ya kulipa hiyo.

Kwenye mchoro wa nukta na misalaba (unaoonyesha elektroni), usichore kistari kati ya Na na Cl. Chora kila ioni ndani ya mabano yake ya mraba, chaji juu kulia. Kistari ni cha bondi kovalenti (atomu zinapogawana elektroni), na wasahihishaji hawakisamehe.

Kidato2_B
Nimewaelewa. Lakini asidi hidrokloriki si kovalenti? Mbona inapitisha? Na siki je?

ganda_la_nje
Hapo ndipo maneno ya bahari_kuu yanakuwa kweli. HCl ikiwa gesi ni molekuli halisi, bondi kovalenti iliyoelemea upande wa klorini. Iyeyushe kwenye toluini (kiyeyushi kisicho maji), taa haiwaki. Iyeyushe majini, maji yanaipokonya haidrojeni bila elektroni yake: H₃O⁺ na Cl⁻. Hizo ioni hazikuwepo kabla.

Siki hufanya vivyo hivyo lakini kwa uvivu. Chini ya molekuli 1 katika 100 za asidi yake ndiyo inayokuwa ioni. LED itawaka hafifu.

fundi_maabara
Ukitaka kulinganisha siki na chumvi, usiamini jicho. Toa LED, weka mita mahali pake kwenye kipimo cha mA (miliampia) 20. Ile risista ya 470 haitaruhusu kuvuka hapo. Penseli ziwe umbali uleule, sentimita 1, na zizame kina kilekile, la sivyo unapima mkono wako.