Mashine ya kusukuma ya kukatia nyasi: ilazwe vipi kiangazi chote?

Nyasi_Dom
Wakuu, huku Dodoma mvua zimekata na nyasi zimeacha kuota. Mashine ni ya kusukuma, injini Honda GCV160, tangi la plastiki. Inaingia stoo hadi Desemba. Fundi mmoja anasema jaza tangi pomoni, mwingine anasema kausha. Nimfuate yupi? Halafu upande wa kulia inanyoa chini kuliko kushoto, na levo zote nne za kupandisha na kushusha magurudumu ziko tundu moja.

Spana10
Kausha. Habari ya kujaza ni ya matangi ya bati, ambayo hushika kutu pale petroli isipofika. Lako ni plastiki. Kinachoua mashine ni petroli inayobaki kwenye kabureta, pale petroli inapochanganywa na hewa. Ikipita mwezi hivi huanza kuharibika, ule wepesi wake unapotea na kinachobaki ni kama gundi ya rangi ya chai. Jeti ndogo, njia ya petroli humo ndani, ina kitundu ambacho hata sindano ya kushonea haipiti. Kikiziba, Desemba itawaka kwa choki tu. Ukiitoa choki inazima, au inaunguruma huku ikipanda na kushuka.

Nyonya petroli ya tangini kwa mpira, kisha washa mpaka izime yenyewe. Wengi huishia hapo, kumbe bakuli la kabureta bado lina mabaki. Injini ikipoa, weka kikopo chini, fungua boliti ya namba 10 iliyo chini ya bakuli, yachuruzike yote. Pete (washa) ya boliti hiyo usiipoteze, bila hiyo patavuja. Na usifanyie kazi hiyo karibu na jiko.

Oili imwage mapema, injini ikiwa bado ya uvuguvugu, maana inashuka na uchafu wake. Ukiilaza mashine, kabureta iangalie juu. Ukikosea upande, oili inaingia kwenye chujio la hewa. Weka mpya lita 0.55, ya aina ya 10W-30. Kipimio chake kinachovywa tu bila kukikaza. Ukikikaza utasoma uongo na kuzidisha.

TupaNaMsasa
Suala la kunyoa upande: levo usiziamini, pima kisu chenyewe. Chomoa waya wa plagi kwanza, hilo halina mjadala. Weka mashine kwenye sakafu ya saruji, geuza kisu kikae kulia-kushoto, pima toka sakafuni hadi ncha kila upande. Tumia ncha ile ile moja, izungushe, maana kisu kilichopinda kitakudanganya. Ikiwa kulia ni chini, shika gurudumu ulitikise. Likicheza, bushi (kile kibomba cha katikati ya gurudumu) imekwisha. Lisipocheza, tazama kibati cha levo, mara nyingi kimepinda kwa kugonga jiwe au mzizi. Mbele ikiwa chini kuliko nyuma kwa milimita 5 hivi, iache, ndivyo inavyotakiwa.

Kisu kikishatoka, kinoe kwa tupa ukifuata mteremko wake wa zamani, kama nyuzi 30. Kisha kitundike kwenye msumari. Upande unaoshuka ni mzito, uendelee kuupunguza mpaka kilale sawa. Kisu kisicholingana kinatetemesha mashine na kula beringi. Wakati wa kurudisha, mabawa, zile ncha zilizokunjwa, yatazame juu, kwenye bodi.

Bustani_Kavu
Naongezea. Nyasi zilizoganda chini ya bodi zikwangue kwa kipande cha ubao, zikibaki zinashika unyevu na bati linaoza. Oili chafu ya gari usipake humo, vumbi la Dodoma litaganda juu yake kama chapati. Chujio la karatasi ligonge-gonge tu. Haliguswi na maji wala oili.

Toa plagi, dondoshea silinda oili safi kijiko kimoja cha chai, vuta kamba taratibu mara tatu nne, rudisha plagi. Malizia kwa kuvuta mpaka kamba igome, uiache hapo: valvu zote zimefunga, hewa yenye vumbi haiingii. Mdomo wa ekzosi uzibe kwa kitambaa chekundu kinachoonekana, nyigu wa udongo wanapenda kujenga humo. Funika kwa gunia, nailoni inatunza jasho.

Spana10
Na Desemba usishtuke: kitambaa kikishatoka na petroli mpya ikiwekwa, itatoa moshi mweupe dakika mbili tatu. Ni ile oili ya silinda.